MIZANI MBELE YA MKULIMA

Mtu yeyote aliyepata kushinda katika ghala la chama cha msingi huko mlimani, wakati wa msimu wa kahawa, anajua jinsi watu wanavyonyamaza mizani inapotikisika. Mama ameshuka na gunia lake kichwani tangu alfajiri, kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kuanikwa siku nyingi kwa mikono ya watu wa nyumbani mwake. Vijana wamelipokea na kulitundika. Karani anatazama, naye mama anatazama, na nyuma yao wamesimama watu kumi wakinyosha shingo ili waone mshale utatulia wapi. Karani akitaja kilo 42 hali mshale unasema 43, hapahitajiki hotuba wala barua kwa mkubwa. Kumi wote watapiga kelele kwa pamoja, na gunia litapimwa upya.

Tumeikumbuka picha hiyo kwa sababu ya mabishano tuliyoyasikia mjini Moshi, katika mkahawa mmoja usio mbali na jumba la KNCU. Wafanyakazi wawili, watu wa makamo, walikuwa wakibishana juu ya umaskini. Mmoja alishikilia kwamba tangu azaliwe ameona miradi ikija na kuondoka, mabango yakisimamishwa na kuanguka, na umaskini ungali palepale. Wa pili alimwambia aache kukufuru: je, haoni bati juu ya nyumba ambazo zamani ziliezekwa kwa nyasi na majani ya migomba, wala watoto wanaovaa viatu? Walibishana mpaka chai ikapoa, wakaachana kila mmoja akiwa na hasira yake. Hakuna hata mmoja aliyetaja hesabu.

Basi na sisi tuitaje. Mwaka 2007, kati ya kila watu 100 wa Tanzania Bara, 34 na ushei hawakuweza kujipatia mahitaji ya lazima ya maisha. Mwaka 2012 walikuwa 28. Katika uchunguzi wa matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 walikuwa 26 na ushei. Kwa hiyo yule wa pili alisema kweli. Lakini katika miaka hiyo tumezaliana sana, na hesabu ya watu wenyewe, vichwa kwa vichwa, haikushuka. Mwaka 2018 maskini walikuwa watu wapatao milioni 14, nao hawakuwa pungufu ya wale wa miaka kumi nyuma. Kwa hiyo yule wa kwanza naye hakusema uongo. Lau wangalikuwa na karatasi moja mezani, wangaligombana kwa saa moja tu badala ya mbili, na pengine wangalihamia kwenye swali lenye faida zaidi: ni jambo gani hasa lililowatoa wale waliotoka, na ni nini kinachowazuia wale waliobaki?

Gazeti hili ni la Chama, na wasomaji wake wengi ni watu wa mikutano. Twajua wenyewe jinsi mradi unavyosifiwa siku ya kufunguliwa, ngoma zikapigwa na utepe ukakatwa, kisha miaka mitatu baadaye hakuna aulizaye ulimfikisha nani wapi. Mkulima ambaye hakubali kahawa yake inunuliwe kwa kukisiwa hukubali maendeleo yake mwenyewe yakisiwe. Twataka kusema kwamba kila linalofanywa kwa jina la kumtoa maskini katika umaskini yapasa liwekwe kwenye mizani, na mizani hiyo isimame mahali ambapo maskini mwenyewe aweza kuuona mshale.

Mlima wetu una mengi ya kutufundisha katika shauri hili, maana hapa mambo yalijaribiwa mapema kuliko sehemu nyingi. Mbegu za kahawa zililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna aliyelazimishwa kwa kiboko kuipanda katika kihamba chake. Watu walitazama shamba la jirani, wakaona kwamba mbuni unaweza kukaa chini ya kivuli cha mgomba bila kumnyima mtu chakula, wakaona fedha mkononi mwa aliyetangulia, ndipo wakapanda. Hiyo ni mizani ya kwanza, nayo haikuhitaji mtaalamu. Walowezi wa Kizungu walipoona hivyo walifanya kelele kubwa kwamba kahawa ya Mwafrika italeta wadudu na magonjwa katika mashamba yao, na kwamba yafaa Mchagga abaki kuwa kibarua. Jibu la wakulima lilikuwa kuunda, mwaka 1925, umoja wao uitwao Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, ili wanunue dawa za wadudu kwa pamoja, watunze mibuni yao kwa pamoja na kuiuza kahawa yao kwa pamoja. Mwaka 1933 mahali pa umoja huo pakashikwa na KNCU, chini ya sheria ya vyama vya ushirika iliyotungwa mwaka uliotangulia.

Yaliyofuata yanajulikana. Fedha za kahawa zilijenga madarasa, zikalipa karo, zikanunua bati na saruji, na kizazi cha makarani, walimu na waganga kikatoka katika vihamba vile. Leo Kilimanjaro ni mmojawapo wa mikoa yenye maskini wachache zaidi nchini. Wako wasemao ati ni kwa sababu ya tabia ya Wachagga kupenda fedha. Hayo ni maneno ya barazani. Watu walewale, kwa tabia ileile, walikuwa na njaa na ugomvi wa watemi kabla ya kuwa na zao la kuuza, chombo cha kuliuzia, na shule ya kupeleka mapato.

Walakini tusiipambe historia. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya na sheria ikimlazimisha kila mkulima kuuza kahawa yake kwa KNCU, watu wenye hasira walivamia baadhi ya maghala ya vyama vyao wenyewe. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliona ni uchochezi tu. Sisi twaona kuwa palikuwa na jambo zaidi: mkulima alikuwa haoni tena mshale. Kahawa ilikwenda, fedha ikarudi pungufu, na katikati palikuwa na giza.

Giza kama hilo lilirudi kwa mkono wetu wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, KNCU kikiwamo, na kazi ya kununua mazao ikakabidhiwa mamlaka za mazao. Palikuwa na sababu zilizotolewa, na baadhi yake zilikuwa za kweli: vyama vingine vilikuwa vimeoza kwa wizi na upendeleo. Lakini nani alipima? Hapakuwa na wilaya moja iliyoachwa na chama chake na nyingine iliyonyang'anywa, ili baada ya misimu miwili tujue wapi mkulima alipata zaidi. Ilifanywa siku moja, kila mahali. Gharama za mamlaka hizo ziliongezeka, malipo yakachelewa, na sehemu ya bei ya ng'ambo iliyomfikia mkulima wa mazao ya biashara ikapungua. Sheria ya kurudisha ushirika ilitungwa mwaka 1982, na KNCU kilirudi mwaka 1984, ndiyo maana mwaka huo umo mpaka leo katika jina lake la usajili. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye, mbele ya waandishi wa nje, kwamba kuvunja vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya tena lau angeanza upya. Kiongozi aliyekiri hivyo hakupungukiwa na heshima. Lakini mibuni mingi ilikuwa imekwisha kuachwa bila kupogolewa katika miaka hiyo, na mti wa kahawa hausubiri mtu akiri.

Msomaji atauliza: umaskini waweza kupimwaje kama kahawa? Tutoe mfano wa maradhi, maana maradhi na umaskini ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto akilazwa kwa malaria, mama haendi shambani na mbuzi anauzwa.

Katika wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya mwaka 1993 na 1995 wataalamu waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika baadhi ya vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, na vijiji vingine vikangoja. Hakuna aliyechagua kwa kupendelea, ni kura. Kisha wakahesabu makaburi na vitanda vya hospitali. Vifo vya watoto wadogo katika vijiji vyenye vyandarua vilikuwa pungufu kwa theluthi moja, na waliolazwa kwa malaria kali walikuwa pungufu kwa asilimia 44. Huku kwetu, katika bonde la Kilombero, vyandarua viliuzwa kwa bei nafuu kuanzia mwaka 1997, na walipopima waliona kwamba kwa mtoto mwenye chandarua uwezekano wa kuishi uliongezeka kwa asilimia 27. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kubishana kama chandarua chafaa. Mabishano yaliyobaki yalikuwa juu ya bei.

Hapo ndipo penye fundisho kubwa kwa watu wa siasa. Wengi wetu tuliamini, na tulisema majukwaani, kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Mpe mtu chandarua bure naye atakifanya wavu wa kuvulia samaki. Yasikika kama hekima. Katika zahanati za magharibi mwa Kenya jambo hilo lilijaribiwa: akina mama wajawazito wa zahanati nyingine walipewa bure, na wa nyingine walitozwa bei mbalimbali ndogo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi kiasi cha senti 60 za dola, akina mama waliochukua walipungua kwa 60 katika kila 100. Na wale waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua. Hekima yetu ilikuwa kisingizio. Nchini mwetu vyandarua viligawiwa bure kwa watoto na kisha kwa kaya zote katika miaka ya 2009 hadi 2011, vingi vikiwa vimefumwa na wafanyakazi wa kiwanda cha A to Z kule Arusha, mwendo mfupi tu kutoka hapa Moshi. Mwaka 2008, kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 18 walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2022 walikuwa 8. Dawa mpya na vipimo vipya vilisaidia pia, hatuwezi kuvinyima haki yake. Lakini fundi aliyesimama zamu ya usiku penye mtambo wa kufuma nyuzi anayo haki ya kujua kwamba kazi yake imo katika tarakimu hizo.

Kipimo si lazima kilete habari njema. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, bwana mmoja Mmarekani aitwaye Michael Kremer alitaka kujua kama kuzipatia shule za vijijini vitabu kungeinua masomo. Nani angelisema hapana? Sisi tuliosomea shule za misheni, watoto watano kwa kitabu kimoja, kilichochanika kurasa za mwisho zenye majibu, tungaliapa kwamba vitabu ndivyo. Ilipopimwa, wastani wa wanafunzi haukupanda. Waliofaidika ni wale tu waliokuwa mbele tangu mwanzo, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Lakini katika wilaya hiyohiyo, dawa ya minyoo iliyogharimu fedha kidogo sana ilipunguza utoro kwa robo. Wataalamu wengine walirudia hesabu hizo mwaka 2015 wakapinga baadhi yake, wakajibiwa, na mabishano hayakuisha. Ndivyo inavyopasa, maana daftari liliachwa wazi ili yeyote alikague. Kremer na wenzake wawili, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi ya namna hiyo. Hatusemi hayo ili kusifu wageni. Kura ya Busia ilipigwa kwa watoto wetu, na yafaa matokeo yake yasomwe na wazazi wao kabla ya kusomwa Stockholm.

Tena hatupaswi kwenda ng'ambo ya mpaka kutafuta mfano wa fedha. Kuanzia Januari 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao sote twauita TASAF, ulianza kuzipa fedha taslimu kaya maskini katika vijiji 40 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kwa sharti la kuwapeleka watoto shule na zahanati. Vijiji vingine 40 vilingoja, kwa kura. Twakumbuka yaliyosemwa wakati mpango huo ulipoenezwa nchini: fedha zitakwenda kilabuni. Kipimo kilionyesha kwamba kaya zile zilinunua bima ya afya ya jamii, zikanunua viatu vya watoto, zikafuga. Watoto waliugua kidogo kuliko wenzao. Mtu maskini kumbe hakuwa mpumbavu. Alikuwa hana fedha. Wala hatusemi kwamba kuku wachache na jozi ya viatu ndio mwisho wa umaskini. Twasema kwamba mwanachama anayesimama mkutanoni kuwaita wazee wanaopokea fedha hizo walevi, sharti kwanza aonyeshe mizani yake.

Lakini yapo mambo ambayo mizani huyapima vizuri upande mmoja na kuyasahau upande wa pili, nasi hapa chini ya mlima tumeyaona kwa macho. Shukeni kutoka Moshi mjini kuelekea Mabogini na Chekereni. Nchi hiyo tambarare ilikuwa na joto, vumbi na mahindi yaliyonyauka. Kwa mkopo na msaada wa Japani ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987: mabanio katika mito ya Rau na Njoro, mifereji ya saruji, mashamba yaliyosawazishwa ya mpunga hekta zipatazo 1,100, mbegu ya aina fupi yenye kuzaa sana, na kituo cha mafunzo. Mavuno ya mpunga yakapanda kutoka tani mbili hivi kwa hekta hadi tani sita na zaidi. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi kutazama. Kwa mizani ya gunia, huo ulikuwa ushindi usio na shaka, na wakulima walioupata walijenga nyumba na kusomesha watoto.

Sasa tazama upande wa pili. Mkulima aliye juu ya banio, ambaye hakuwamo katika mradi, naye ana macho. Aliona mpunga unalipa, akajifunza kwa kuchungulia, akachimba mfereji wake wa udongo, akayachukua maji kabla hayajafika kwenye saruji. Twamlaumuje? Alifanya kilekile ambacho babu yake alifanya alipoona kahawa ya jirani. Mpunga ukaenea juu, na chini mashamba ya mradi yakaanza kukauka, eneo lililolimwa likapungua, watu wakalindana usiku kwenye malango ya maji. Waliopanga mradi walikuwa wamepima udongo, mbegu, saruji na magunia. Hawakumpima jirani.

Wazee wa mlimani wangaliweza kuwaambia. Tangu kabla Mzungu wa kwanza hajaiona theluji ya Kibo, Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuvuta maji kutoka makorongo ya msituni mpaka vihambani, mamia ya mifereji, mingine ikipita kwenye magenge ambayo leo mhandisi angeomba kamba. Usiku maji yalikusanywa katika bwawa dogo, nduwa, na asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Kila mfongo ulikuwa na mwenyewe, mzao wa aliyeuchimba, na wazee wake. Kila nyumba ilijua siku yake na saa yake. Asiyetokea siku ya kuusafisha alitozwa faini au akakosa zamu. Hapo kipimo kilikuwa jua na kivuli, na kilionekana na wote. Haikuwa haki kamili, maana wa juu daima alikuwa na nguvu kuliko wa chini. Lakini wa juu na wa chini walikaa baraza moja. Katika tambarare mradi ulikuwa na baraza lake, na aliye nje ya mradi hakuwa na baraza lolote isipokuwa jembe.

Tuseme neno juu ya theluji, kwa kuwa kila tunapozungumza habari za maji mlimani kuna anayenyosha kidole juu. Ni kweli barafu ya Kibo yaondoka. Asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu mwaka 1912 lilikuwa wazi ilipofika mwaka 2007. Lakini waliopima wanaonyesha kwamba maji ya mito yetu, isipokuwa sehemu ndogo mno, hayatoki katika barafu. Yatoka katika mvua inayonyesha msituni. Hili lafaa lijulikane, kwa sababu aaminiye kwamba maji yake yatoka Kibo hukaa akihuzunika bila la kufanya, na aaminiye kwamba yatoka msituni humuuliza jirani yake kwa nini anapasua mbao usiku.

Turudi kwenye kahawa, kwani ndiko tulikoanzia. Kihamba kimegawanywa kwa wana, na kwa wana wa wana, mpaka kimekuwa kama leso. Tangu mpango wa mgao wa dunia ulipovunjika mwaka 1989 bei imepanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Mwaka 2001 ilikuwa mbaya hata watu wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Biashara ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi kuanzia msimu wa 1994/95. Ugonjwa wa chulebuni, ulioingia mlimani katika miaka ya 1960, na kutu ya majani vimemfanya mkulima anunue mrututu mwaka hata mwaka, akipulizia tena na tena, mpaka fedha ya dawa ikala fedha ya kahawa. Kituo cha utafiti cha Lyamungu kipo tangu mwaka 1934. Katika karne hii, chini ya taasisi ya TaCRI, kimetoa aina za mibuni zinazostahimili magonjwa yote mawili. Mwenye mibuni hiyo aokoa sehemu kubwa ya gharama ya dawa. Hilo limepimwa, na limepimwa hapa hapa Kilimanjaro, kwenye udongo wetu. Hata hivyo ukipita vijijini wakutana na mibuni ya babu, yenye umri wa miaka 50 na zaidi, inayotoa konzi chache za matunda. Kwa nini?

Tuliuliza. Jibu tulilopewa mara kwa mara halikuwa ukaidi. Mbuni mpya hukaa miaka mitatu kabla ya kuleta mavuno ya maana, na mzee mwenye robo eka hana cha kula miaka mitatu. Vijana wako Moshi, Arusha au Dar es Salaam. Na zaidi ya yote, mkulima hajui hasa kilo moja ya kahawa yake imemletea kiasi gani baada ya kila mtu kukata chake. Aambiwa bei ya awali, asubiri malipo ya pili, na malipo ya pili yakija huja bila maelezo. Atang'oaje mbuni wa babu yake kwa kutegemea hesabu asiyoiona?

Basi tunalo ombi kwa wanachama walio katika vyama vya msingi, na kwa makarani ambao wengi wao wamepita katika chuo cha ushirika kilichoanzishwa hapa Moshi mwaka 1963, na ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu. Kabla msimu mpya haujafunguliwa mwezi wa saba, ibandikwe karatasi moja kwenye mlango wa kila ghala, kwa Kiswahili: kilo zilizopokelewa msimu uliopita, bei iliyopatikana mnadani, kila makato na jina la aliyekata, na shilingi zilizomfikia mkulima kwa kilo. Pembeni yake iandikwe hesabu ya nyumba tatu au nne za kijiji hichohicho zilizopanda mibuni mipya, na tatu au nne zenye mibuni ya zamani, kwa ridhaa ya wenyewe na bila kutaja majina: gharama ya dawa, kilo, kilichobaki. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Yahitaji karani mwenye mwandiko unaosomeka na mwenyekiti asiyeogopa kuulizwa.

Na kule tambarare, kamati za maji zikutanapo kupanga zamu za kiangazi, waalikwe wale wa juu ya banio, wakae kwenye mabenchi pamoja na wa mradi, na saa za kila lango zisomwe kwa sauti.